Habari za Mali: Asili na Kanuni ya Hesabu za Pande Mbili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa kuwahimiza watu waandike mapato na matumizi yao, na aghalabu msikilizaji hudhani maana yake ni kuwa daftari huizuia mali isipotee. Lakini tukiyapima maneno yake moja moja twaona kwamba methali haikutoa ahadi kubwa kiasi hicho. Haikusema kuwa mali yenye daftari haipotei. Yasema tu kwamba ile isiyo na daftari hupotea bila habari. Basi kitu ambacho daftari laweza kumpa mwenyewe ni habari. Insha hii yakusudia kueleza kanuni ya hesabu za pande mbili, ambayo leo ni msingi wa uandishi wa hesabu katika mabenki na makampuni ulimwenguni kote, na kusimulia jinsi ilivyoanza na kuenea. Katika kusimulia huko tutauliza swali moja: habari inayotolewa na daftari ina mipaka gani?

Kanuni yenyewe ni nyepesi kutamka. Hakuna kitu kinachoingia mahali ambacho hakikutoka mahali. Fedha ikitoka sandukuni, kuna kitu kilichokuja badala yake: bidhaa, au ahadi ya mtu, au kazi ambayo imekwisha fanywa. Kwa hiyo kila tendo la biashara huandikwa mara mbili kwa kiasi kile kile. Mara moja upande wa kushoto wa hesabu iliyopokea, na mara moja upande wa kulia wa hesabu iliyotoa. Upande wa kushoto ni wa mwiwa, yaani anayedaiwa. Upande wa kulia ni wa mwia, yaani anayedai. Waitalia wa kale walizitendea hata bidhaa na sanduku la fedha kama kwamba ni watu. Sanduku likipokea shilingi mia, lawiwa shilingi mia, likizitoa, lawia.

Na tuchukue mfano mdogo. Mtu aanza biashara kwa shilingi 1,000. Sanduku lake lawiwa 1,000, na hesabu ya rasilmali, ambayo ni yeye mwenyewe kama mwenye mali, yawia 1,000. Anunua vitambaa kwa shilingi 600 taslimu: vitambaa vyawiwa 600, sanduku lawia 600. Kisha auza vitambaa vyote kwa mkopo kwa bei ya shilingi 750: mnunuzi awiwa 750, vitambaa vyawia 750. Hesabu ya vitambaa sasa ina 600 kushoto na 750 kulia. Tofauti ya 150 ni faida, nayo huhamishwa kwenye hesabu ya faida na hasara, na kutoka huko huingia katika rasilmali. Mwisho wa yote sandukuni mna 400, na kwa mnunuzi kuna 750, jumla 1,150. Na rasilmali ni 1,000 pamoja na faida ya 150, jumla 1,150. Pande mbili zimelingana. Urari huu haukupatikana kwa bahati, bali kwa sababu kila kiasi kiliandikwa mara mbili. Pande zisipolingana, mwandishi ajua kuwa amekosea mahali, naye hana budi kurudi nyuma kutafuta. Msomaji na aukumbuke mfano huu, maana tutaurudia.

Nani aliyeibuni kanuni hii? Jibu la haki ni kwamba hapana mtu mmoja anayeweza kutajwa. Kuandika madeni ni desturi ya kale kuliko kanuni ya pande mbili. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya pili, yaamuru deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu mbele ya mashahidi. Maneno ambayo Kiswahili hutumia katika jambo hili, kama hesabu, deni, faida, hasara na rasilmali, yote yametokana na Kiarabu. Na daftari lenyewe lilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, ingawa Waarabu walilipokea kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi, kwa kuwa zamani watu waliandika juu ya ngozi. Barua na hesabu za wafanyi biashara wa karne ya 11 na ya 12 zilizohifadhiwa katika sinagogi la Fustat, Kairo ya kale, zaonyesha watu waliozoea mikopo, ushirika na hawala za fedha kutoka bandari hata bandari. Lakini daftari zima ambalo kila tendo limeandikwa mara mbili, na pande zake zikafungwa kwa urari, ushahidi wake wa kwanza tunaoweza kuushika mkononi watoka kwa Waitalia.

Waitalia nao hawakujifunza katika upweke. Leonardo wa Pisa, anayeitwa pia Fibonacci, alisoma tarakimu za Kihindi katika bandari ya Bugia, ambayo sasa imo katika nchi ya Aljeria, ambako baba yake alikuwa akiwatumikia wafanyi biashara wa Pisa katika forodha. Mwaka 1202 alitoa kitabu chake cha hesabu, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya biashara: kubadili fedha, kugawa faida ya ushirika, kupima bidhaa. Hata hivyo tusidhani kwamba tarakimu hizo ndizo zilizozaa hesabu za pande mbili. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza watu wake wasizitumie katika madaftari yao, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba tarakimu ni rahisi kugeuzwa na mtu mwenye hila. Andrea Barbarigo, mfanyi biashara wa Venice katika karne ya 15, aliweka madaftari yake kwa pande mbili huku akiandika hesabu zake kwa namba za Kirumi. Kanuni na tarakimu ni vitu viwili, vilivyokutana baadaye.

Daftari la kale kabisa ambalo wanahistoria wengi wamelikubali kuwa ni la pande mbili ni la kampuni ya Giovanni Farolfi, watu wa Florence waliokuwa wakifanya biashara katika Provence, kusini ya Ufaransa. Ni la miaka 1299 na 1300, na mwandishi wake alikuwa Amatino Manucci. Sehemu yake tu ndiyo iliyosalia, lakini yatosha kutushangaza. Kampuni ililipa mapema kodi ya nyumba ya miaka minne. Manucci hakuiandika kodi yote kuwa ni gharama ya mwaka ule. Aliuandika mwaka uliokwisha kuwa gharama, na miaka iliyobaki akaihesabu kuwa ni mali ambayo kampuni bado inaidai. Mtu anayefikiri hivyo hakuwa akiandika ili asisahau madeni tu. Alitaka kujua mwaka ule umemletea nini hasa.

Ushahidi wa pili ni wa mji wa Genoa, nao una mafunzo zaidi, kwa sababu hapa mwenye daftari hakuwa mfanyi biashara bali serikali. Mwaka 1327 mji uliamuru hesabu zake ziandikwe kwa namna ya mabenki, ili kuzuia udanganyifu uliokuwa ukifanyika katika mali ya umma. Madaftari ya miaka ya mwanzo yaliangamia, lakini lile la mwaka 1340 lingalipo. Humo mna hesabu ya pilipili manga iliyonunuliwa na kuuzwa na mji. Biashara hiyo haikuleta faida. Mwandishi alizijumlisha pande mbili, akaona upungufu, akauhamisha kwenye hesabu ya faida na hasara, na ukurasa wa pilipili ukafungwa. Naona katika ukurasa ule heshima ambayo wasomaji wa hesabu hawaitambui sikuzote. Hasara ya umma iliandikwa na mtumishi wa umma, kwa jina lake na kiasi chake, mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuiona. Mali ilipotea, lakini haikupotea bila habari.

Baada ya hapo desturi ilienea. Francesco Datini wa Prato, aliyefariki mwaka 1410, aliacha mamia ya madaftari na barua zaidi ya laki moja, ambazo ziligunduliwa nyumbani mwake mwaka 1870 na kuwapa wanahistoria picha kamili ya mfanyi biashara wa zama zile. Madaftari yake ya mwanzo ni ya upande mmoja. Ya mwishoni ni ya pande mbili. Mwaka 1458 Benedetto Cotrugli, mtu wa Ragusa, mji unaoitwa sasa Dubrovnik, aliandika kitabu juu ya mfanyi biashara mkamilifu, na ndani yake akaeleza hesabu hizo kwa ufupi. Lakini kitabu chake hakikupigwa chapa ila mwaka 1573, na kwa ajili hiyo sifa ilimwendea mtu mwingine.

Mtu huyo ni Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyezaliwa Sansepolcro. Katika ujana wake alikuwa mwalimu wa watoto wa mfanyi biashara mmoja wa Venice, na baadaye alifundisha hesabu katika miji mingi. Huko Milan alikuwa rafiki wa Leonardo da Vinci. Mwezi wa Novemba mwaka 1494 kitabu chake kikubwa cha hesabu na jometri kilipigwa chapa Venice. Ndani yake mna sehemu yenye sura 36 juu ya uandishi wa hesabu za biashara. Pacioli hakudai kuwa amebuni kitu. Alisema waziwazi kwamba afuata desturi ya Venice. Kazi yake ilikuwa kuipanga desturi hiyo ili ifundishike.

Mpango wake ni huu. Kwanza mfanyi biashara aandike orodha ya mali yake yote na madeni yake yote. Kisha aweke madaftari matatu. La kwanza ni la kumbukumbu, ambamo mtu yeyote wa dukani, hata mwanafunzi wa kazi, huandika tendo wakati lilipotendeka na kwa fedha ya aina yoyote iliyotumika. La pili ni la siku, ambamo matendo yale huandikwa upya kwa utaratibu na kwa fedha ya aina moja, na kila tendo huonyeshwa mwiwa wake na mwia wake. La tatu ni daftari kuu, ambamo kila tendo lililo katika daftari la siku huingizwa mara mbili, kushoto kwa mmoja na kulia kwa mwingine. Na kila lilipoingizwa, mstari ulipigwa juu yake katika daftari la siku ili lisirudiwe. Mtu akikosea, asifute. Aandike tendo la kinyume ili kosa na sahihisho lake vyote vionekane. Mwisho pande zote za kushoto zijumlishwe na pande zote za kulia zijumlishwe. Jumla hizo zikitofautiana, kuna kosa, na Pacioli amwambia mfanyi biashara alitafute kwa bidii na akili aliyojaliwa na Mungu.

Lakini mtawa huyu alikuwa ameishi na wafanyi biashara, naye aliwajua. Alishauri madaftari yapelekwe kwanza kwa maofisa wa wafanyi biashara yakatiwe alama, ili yaaminike. Na hapo alionya juu ya watu wanaoweka madaftari mawawili, moja la kuwaonyesha wauzaji na la pili la kuwaonyesha wanunuzi. Onyo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Madaftari yote mawili ya mdanganyifu yaweza kuwa na pande zilizolingana sawasawa. Urari washuhudia kwamba mwandishi ameandika kila kiasi mara mbili. Hauwezi kushuhudia kwamba alichokiandika ni kweli.

Historia yenyewe ilitoa mfano wa jambo hili, na kwa ajabu ilitoa mfano huo mwezi ule ule. Novemba 1494, kitabu cha Pacioli kilipokuwa kikitoka Venice, watu wa Florence waliwafukuza akina Medici katika mji wao, na benki yao, iliyoanzishwa na Giovanni di Bicci mwaka 1397, ikafikia mwisho wake. Benki hiyo ilikuwa na matawi Italia na ng'ambo, pamoja na Bruges na London, na haikukosa madaftari ya pande mbili. Raymond de Roover, aliyetoa historia yake mwaka 1963, alitumia madaftari ya siri ya benki yaliyogunduliwa Florence mwaka 1950. Basi kama benki hii haikukosa daftari, ilipungukiwa na nini?

Turudi kwenye mfano wetu wa vitambaa. Mnunuzi aliwiwa shilingi 750. Sasa tuseme mnunuzi amehama usiku, na hapana ajuaye aliko. Kitu gani kimebadilika katika daftari? Hakuna. Sandukuni mna 400, mnunuzi awiwa 750, rasilmali ni 1,150, na pande zalingana kama jana. Mwenye mali akikubali kwamba deni lile limekufa, atalihamisha kwenye hasara. Rasilmali itashuka hata 400, na pande zitalingana tena. Urari umekuwapo kabla na baada. Kati ya mtu mwenye 1,150 na mtu mwenye 400, daftari haliwezi kuchagua. Anayechagua ni mtu anayelisoma jina la mnunuzi na kujiuliza: je, huyu atalipa?

Ndivyo ilivyokuwa kwa akina Medici. Giovanni Benci, aliyekuwa mkuu wa benki hata alipofariki mwaka 1455, alipelekewa kila mwaka urari wa kila tawi, naye na wasaidizi wake waliupitia jina kwa jina ili kuyatenga madeni yenye mashaka. Katika siku zake benki ilistawi. Baadaye kazi hiyo ilimfikia Francesco Sassetti, ambaye hakuwabana mameneja wa matawi. Huko London tawi lilimkopesha Mfalme Edward wa Nne. Huko Bruges Tommaso Portinari alimkopesha Charles, mtawala wa Burgundy, kiasi kilichopita mpaka aliowekewa. Na mwaka 1477 Charles aliuawa vitani karibu na Nancy. Deni la mfalme ni deni linalopendeza kuandikwa, maana jina ni kubwa. Lakini hapana hakimu anayeweza kumwita mfalme barazani. Katika kurasa za kushoto majina hayo yalikuwa mali. Katika maisha yalikuwa upepo.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawataliona jambo hili kuwa geni. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ya Unguja ilikwenda kwa mkopo. Tajiri alitoa nguo na shanga, msafara ukaingia bara, na pembe zilirudi baada ya miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, amesimulia kwa Kiswahili katika habari za maisha yake jinsi alivyochukua mali kwa Tharia Topan. Muda wote ambao msafara ulikuwa ng'ambo ya Tanganyika, mbali na barua na mashahidi, deni lake lilibaki limeandikwa Unguja kwa kiasi kile kile, awe hai au amekufa, awe na pembe au hana. Tippu Tip alirudi na pembe nyingi. Wengine hawakurudi. Mikopo yao ilipoandikwa, ilifanana na wake.

Kuna mpaka wa pili, nao ni mzito kuliko wa kwanza. Daftari halimwulizi mtu kitu alichokiuza ni nini. Katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi na mashamba ya pamba ya Marekani, binadamu waliandikwa katika madaftari ya mabwana zao pamoja na bei zao, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa nyongeza ya mali. Katika forodha ya Unguja ushuru ulitozwa kwa kila kichwa cha mtumwa hata biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Hesabu hizo ziliweza kuwa safi, bila kosa la jumla. Uovu wake haukuwa katika kujumlisha bali katika kuliandika jina la mtu mahali pa bidhaa. Na hapana urari unaoweza kulifichua kosa la namna hiyo, maana liko pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Lakini yatupasa tukiri na hili pia: madaftari hayo hayo leo ni miongoni mwa mashahidi wakubwa dhidi ya wenyewe. Waliandika ili wajue faida yao, nasi twasoma ili tujue dhambi yao.

Wako wataalamu walioitukuza kanuni hii kupita kiasi. Mjerumani Werner Sombart, mwanzoni mwa karne ya 20, alifundisha kwamba ubepari usingaliwezekana bila hesabu za pande mbili. Mwaka 1949 Basil Yamey alimjibu kwa kuyachungua madaftari yenyewe, akaonyesha kwamba wafanyi biashara wengi wa zamani hawakuyafunga kwa miaka mingi, na wengine walifanya urari kwa sababu tu daftari la zamani limejaa na jipya laanzwa. Walizijua habari za biashara zao kwa njia nyingine. Hoja ya Yamey yatufaa, kwa kuwa yamrudisha mtu mahali pake. Daftari ni chombo; halikuwatajirisha watu kwa kuwapo tu, wala halikuwafilisi.

Vijana wanaosoma hesabu katika vyuo vyetu hufundishwa kwanza kuzijua pande, kushoto na kulia, na hupewa mtihani wa kuzilinganisha. Hilo ni jema, na bila hilo hapana lingine. Lakini anayefaulu mtihani huo amejifunza kazi ya Manucci na bado hajajifunza kazi ya Benci. Shirika, halmashauri ya wilaya na chama cha ushirika vyaweza kutoa urari usio na kosa hata la senti moja, na katika orodha ya wadaiwa mkawa na majina ambayo kila mwanakijiji ajua kwamba hayatalipa kamwe. Habari imo mle, imeandikwa. Kinachotakiwa ni msomaji atakayeuliza juu ya kila jina, na mwandishi aliye tayari, kama yule wa Genoa, kuifunga hesabu ya pilipili na kuiita hasara kwa jina lake.